Chakula na Saratani ya Kongosho: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Hatari

Weka kiganja juu ya kitovu, chini kidogo ya pale mbavu zinapokutana. Ndani ya hapo kuna mfuko wa chakula, na nyuma ya mfuko huo, jirani kabisa na uti wa mgongo, limelala kongosho, kiungo chenye urefu wa sentimita 15 hivi. Kwa kuwa limejificha huko, uvimbe wake haupapasiki kwa mkono na mara nyingi hauumi mapema, hivyo wagonjwa wengi hugundulika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Mwaka 2020 wagonjwa wapya duniani walikuwa karibu 496,000, na waliokufa kwa saratani hii mwaka huohuo walikuwa karibu 466,000. Tazama namna namba hizo mbili zinavyokaribiana, utaelewa kwa nini kila mtu anatamani kusikia kwamba kuna chakula cha kujikinga nacho.

Hakipo. Wala hakuna mlo mmoja unaoileta. Chakula hufanya kazi yake polepole na kwa kuzunguka, hasa kupitia mafuta ya kiunoni na sukari iliyomo kwenye damu. Ukilishika hilo tangu mwanzo, hatua zinazofuata zitajipanga zenyewe, na hutapoteza miezi ukihangaika na majani ya kuchemsha huku makubwa yakikupita.

Neno moja kabla hatujaanza: mwongozo huu ni wa mtu ambaye hana ugonjwa. Aliyekwisha kugundulika ana saratani ya kongosho anahitaji chakula cha namna nyingine kabisa, mara nyingi chenye nishati nyingi pamoja na vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula, na hayo apangiwe na timu inayomtibu. Kadhalika anayetumia insulini au dawa nyingine za kisukari azungumze na daktari kabla ya kupunguza chakula, sukari isije ikashuka ghafla.

Hatua ya 1: Fahamu kiungo unachokilinda

Kongosho lina kazi mbili. Upande mmoja hutengeneza vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga, na kuvipitisha kwenye mirija midogo hadi utumbo mwembamba. Upande wa pili hutoa homoni, maarufu kuliko zote ikiwa insulini, inayoingiza sukari ndani ya seli. Saratani za kongosho zaidi ya asilimia 90 huanzia upande wa kwanza, kwenye mirija. Lakini pande hizo mbili zimechanganyikana: visiwa vya seli vinavyotengeneza insulini vimetawanyika katikati ya seli za vimeng'enya, kwa hiyo mtu mwenye mwili sugu kwa insulini, ambaye kongosho lake hulazimika kuimwaga kwa wingi kila siku, huziweka seli za jirani kwenye bwawa la homoni inayochochea ukuaji. Hapo ndipo unene, sukari na saratani vinapokutana.

Jambo la pili la kujua ni muda. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza mabadiliko ya jeni kwenye uvimbe wa kongosho walikadiria kwamba tangu seli ya kwanza iharibike hadi izaliwe seli kamili ya saratani hupita angalau miaka 10, na baada ya hapo miaka mingine mitano au zaidi kabla haijapata uwezo wa kusambaa. Huo ni muda mrefu wa kubadili tabia. Ni sababu pia ya kutotarajia kwamba wiki mbili za kunywa juisi ya mboga zitafuta chochote.

Hatua ya 2: Panga hatari kwa ukubwa wake

Chukua karatasi, igawe mara mbili. Upande mmoja andika usivyoweza kuvibadili: umri (wengi wanaougua wamepita miaka 65), ndugu wa damu waliougua, na jeni za kurithi kama BRCA2 iliyoharibika. Kama kati ya wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wako wawili au zaidi wameugua saratani hii, chakula si hatua yako ya kwanza. Muone daktari akuelekeze kwenye ushauri wa vinasaba, kwa sababu familia kama hizo zinaweza kufuatiliwa kwa vipimo vya picha, jambo ambalo halipendekezwi kwa watu wengine wote.

Upande wa pili andika unavyoweza kuvibadili, na cha kwanza kabisa kiwe tumbaku. Najua ulikuja kusoma habari za chakula. Lakini anayevuta sigara ana hatari takriban mara mbili ya asiyevuta, na tumbaku ya kutafuna au ya ugoro nayo imo kwenye orodha ya visababishi. Hakuna badiliko la sahani linalofikia uzito huo. Anayevuta na kujisifu kwamba hali nyama anafagia uani huku nyumba ikiungua.

Sasa tujifunze kusoma asilimia, maana zitakuja nyingi. Nchini Marekani, kati ya watu 1,000, karibu 17 hupata saratani ya kongosho katika maisha yao yote. Ukisoma kwamba chakula fulani huongeza hatari kwa asilimia 19, usidhani watu 19 kati ya 100 wataugua. Maana yake ni kwamba wale 17 kati ya 1,000 wangekuwa kama 20. Watu watatu zaidi si jambo la kudharau, ila si la kumkosesha mtu usingizi pia. Kila asilimia utakayokutana nayo hapa chini ipitishe kwenye hesabu hiyo.

Hatua ya 3: Pima kiuno, kisha fungua daftari

Kati ya mambo yote yanayohusiana na kula, mafuta mengi mwilini ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko yote. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani, baada ya kukusanya tafiti nyingi, uliyaweka kwenye daraja la juu kabisa la uhakika: kila BMI inapopanda kwa pointi 5, hatari huongezeka kwa takriban asilimia 10. Nyama, sukari na mafuta viliwekwa chini sana ya hapo.

BMI ni uzito kwa kilo uliogawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.65 anazidisha 1.65 kwa 1.65, anapata 2.72, kisha anagawanya 82 kwa hiyo: jibu ni 30, yaani ameingia kwenye unene uliopitiliza. Ila BMI haijui mafuta yamekaa wapi, na mafuta ya tumboni ndiyo yenye fujo zaidi. Kwa hiyo pima na kiuno. Simama wima, tafuta katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, zungusha utepe bila kukaza. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 165 abaki chini ya 82 au 83. Napenda kipimo hiki kuliko mizani kwa sababu hakibishani na mtu mwenye misuli, na kinahitaji utepe wa fundi cherehani tu.

Kisha daftari. Kwa siku saba andika kila kinachoingia mdomoni bila kubadili chochote: chakula, vinywaji, vitafunio vya kusimama jikoni. Wiki hii si ya kujirekebisha, ni ya kujitazama. Wengi hugundua kwamba tatizo si mlo mkuu waliokuwa wakiulaumu, bali vinywaji na vile vya kutafuna katikati. Juu ya ukurasa wa kwanza andika tarehe, uzito na kiuno, ukiacha nafasi ya kujaza kila mwezi. Daftari hili tutalirudia.

Kama umezidi, usilenge umbo la picha za matangazo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa wakikaribia kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiopewa mpango huo. Kwa mtu wa kilo 82, asilimia 7 ni kilo zisizofika 6. Kisukari cha aina ya pili ni miongoni mwa hatari za saratani ya kongosho, hivyo anayekiepuka anapata faida ya ziada.

Hatua ya 4: Anza na vinavyonywewa

Nashauri kuanza na vinywaji kabla ya kugusa sahani, kwa sababu sukari ya kunywa haishibishi na kuiacha hakumlazimu mtu kujifunza kupika upya. Kopo moja la soda la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, takriban vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari inayoongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isivuke asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hizo ni gramu 50 na gramu 25. Kopo moja limeshavuka kiwango cha pili kabla hujala chochote.

Fanya hivi: wiki ya kwanza punguza nusu ya vinywaji vitamu vilivyomo kwenye daftari lako, wiki ya tatu nusu ya vilivyobaki. Weka maji mahali ambapo soda ilikuwa inakaa. Tunda lile zima badala ya kulikamua, maana juisi huacha nyuzi nyuma na kubakiza utamu.

Pombe ni habari nyingine. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba unywaji mkubwa huvimbisha kongosho, na kuvimba kwa muda mrefu hufungulia saratani mlango. Swali lilikuwa kuhusu wanywaji wa kawaida. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya uchambuzi ulioongozwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, uliojumlisha watu karibu milioni 2.5 kutoka mabara kadhaa: kila gramu 10 za pombe kwa siku zilihusishwa na ongezeko la asilimia 3 la hatari, na uhusiano huo ulionekana hata kwa wasiovuta sigara.

Ili ujue gramu zako, zidisha mililita ulizokunywa kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa gramu 20. Andika kwa wiki moja bila kujidanganya, kisha amua. Kwa upande wa saratani, kutokunywa ndiko bora. Anayekunywa, kila chupa anayoipunguza ina maana.

Hatua ya 5: Ipe nyama mipaka

Hapa tutofautishe vitu vinavyochanganywa mno. Nyama nyekundu ni ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe. Nyama iliyosindikwa ni ile iliyotiwa chumvi nyingi, ikafukizwa moshi au ikawekewa kemikali za kuihifadhi: soseji, bekoni, salami, nyama za makopo. Soseji ya kuku nayo imo humo, hata kama kuku mwenyewe si nyama nyekundu.

Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kuwa visababishi. Uthibitisho huo ulijengwa hasa juu ya saratani ya utumbo mpana. Kwa kongosho ulionekana uhusiano tu, si ushahidi wa kutosha kuhukumu. Uchambuzi wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa kwa siku, sawa na soseji moja, ziliambatana na ongezeko la asilimia 19 la saratani ya kongosho. Ndiyo ile asilimia 19 tuliyoipigia hesabu. Kwa nyama nyekundu matokeo yalikuwa dhaifu zaidi: yalionekana waziwazi kwa wanaume, si kwa watu wote kwa jumla. Samaki na kuku hawamo kwenye lawama hizi.

Kwa nini iliyosindikwa ndiyo yenye neno? Mshukiwa mkuu ni nitriti, chumvi inayoipa nyama hiyo rangi ya waridi na kuzuia vijidudu. Tumboni inaweza kuungana na vipande vya protini na kutengeneza viambata vya jamii ya nitrosamini, na baadhi ya viambata vya jamii hiyo vimetumika maabara kusababisha uvimbe wa kongosho kwa hamsta, mnyama mdogo anayefanana na panya. Hamsta si binadamu, na kipimo cha maabara si sahani ya mtu, lakini njia hiyo inaeleweka.

Kwa vitendo: nyama iliyosindikwa iwe chakula cha nadra. Nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki ikiwa imeshapikwa. Mbichi hupungua uzito jikoni, kwa hiyo gramu 500 zilizopikwa ni kama gramu 700 hadi 750 za buchani. Badala ya kugawa kiasi hicho kidogokidogo kila siku, chagua siku mbili au tatu za nyama na uile kwa raha zako. Siku nyingine sahani ishikwe na maharage, dengu, samaki, mayai au kuku.

Na moto je? Nyama ikikaangwa au kuchomwa kwa joto kali sana, hasa mafuta yake yakidondokea kwenye moto na moshi kuirudia, hutengeneza kemikali zinazoharibu vinasaba. Huna haja ya kuacha kuchoma. Chemsha nyama kwanza ili ikae motoni muda mfupi, iinue mbali na ndimi za moto, igeuze mara kwa mara, na kipande kilichogeuka mkaa kikate utupe.

Hatua ya 6: Jaza nafasi uliyoiacha wazi

Ukiondoa bila kuweka, njaa itakurudisha ulikotoka. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe nafaka isiyokobolewa au viazi, robo iwe protini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2023 kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda na gramu 25 za nyuzi kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10 za nyuzi, kwa hiyo kikombe kimoja tu kinakaribia nusu ya safari. Ongeza polepole na unywe maji, la sivyo gesi itakukatisha tamaa mapema.

Nikiri jambo ambalo waandishi wengi wa lishe hulipitia mbali: ushahidi kwamba mboga na matunda yenyewe huzuia saratani ya kongosho ni dhaifu. Nazipendekeza kwa sababu hushibisha kwa kalori chache, hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na kusaidia kiuno kushuka. Kuna jaribio linaloonyesha njia hiyo. Wanawake zaidi ya 46,000 wa Marekani waliokwisha kukoma hedhi walifuatiliwa kwa karibu miaka 15, kundi moja likiwa limefundishwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliokuwa na uzito uliozidi walipata saratani za kongosho chache kuliko wenzao wasiofundishwa. Waliokuwa na uzito wa kawaida hawakuonyesha tofauti.

Vidonge vya virutubisho viruke. Jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 1994 liliwapa wavutaji sigara vitamini E na beta-karotini likitarajia kuwakinga. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi. Kongosho nalo halikupata kinga.

Hatua ya 7: Chuja habari kabla ya kuzisambaza

Mwaka 1981 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha utafiti wa Brian MacMahon na wenzake wa Harvard uliohusisha kahawa na saratani ya kongosho. Magazeti yakalipuka, watu wakamwaga vikombe. Kosa lilikuja kuonekana baadaye, nalo lilikuwa kwa watu waliochaguliwa kulinganishwa na wagonjwa. Wengi wao walikuwa wamelazwa kwa maradhi ya tumbo, na mwenye tumbo bovu huipunguza kahawa. Kwa hiyo wagonjwa wa saratani walionekana wanywaji wakubwa kwa kuwa tu walilinganishwa na walioacha. Tafiti za baadaye zilizofuatilia watu wazima wa afya kwa miaka mingi hazikuukuta uhusiano huo, na leo kahawa haihesabiwi miongoni mwa hatari. Kinywe kikombe chako, ila angalia unakitia vijiko vingapi vya sukari.

Mfano mwingine ni wa Singapore. Utafiti wa mwaka 2010 uliofuatilia watu zaidi ya 60,000 ulisema wanywaji wa soda mbili au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 87. Namba hiyo inatisha hadi usome kwamba wagonjwa wote wa saratani hiyo katika utafiti walikuwa 140, na wanywaji wa soda ni sehemu ndogo tu ya hao. Soda ina sababu za kutosha za kuachwa bila kuibebesha asilimia 87.

Ukiletewa habari, basi, uliza mambo manne: ni watu au ni panya? Wagonjwa walikuwa wangapi? Walilinganishwa na nani? Anayesimulia anauza kitu? Swali la mwisho mara nyingi humaliza mjadala.

Hatua ya 8: Jua lini chakula si jibu

Ngozi au macho kuwa ya manjano, mkojo wa kahawia, choo cheupe chenye mafuta kinachoelea, kuwashwa mwili mzima, maumivu ya juu ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni, hamu ya kula kupotea: dalili hizi zina sababu nyingi, na nyingi si saratani, lakini hazitibiwi kwa kubadili mlo nyumbani. Manjano hayasubiri hata wiki.

Iko moja inayomponyoka hasa mtu anayefuata mwongozo kama huu. Mtu aliyepita miaka 50 anagundulika ghafla ana kisukari, hana unene, hana ndugu mwenye kisukari, na uzito unashuka badala ya kupanda. Kati ya wanaogundulika na kisukari kipya katika umri huo, karibu mmoja kwa kila 100 hugundulika ana saratani ya kongosho ndani ya miaka mitatu, na kushuka kwa uzito huifanya dalili hiyo kuwa nzito zaidi. Anayejinyima chakula akipungua hupongezwa na kila anayekutana naye, hivyo ni rahisi kutoona kwamba anapungua kuliko anavyojinyima.

Hapo ndipo daftari linapofaa. Kama kilo zinashuka katika miezi ambayo hukubadili chochote, au zinaendelea kushuka baada ya kurudia kula kama zamani, lichukue uende nalo hospitali. Mwonyeshe daktari zile tarehe, uzito na kiuno, na umwambie ni mwezi gani ulianza kupungua bila kujaribu.